Mgonjwa Hatembei

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Daktari aliliuliza macho yakiwa kwenye kompyuta, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya asizokusudia kununua.

"Kwenu kuna mtu aliyewahi kufa ghafla baada ya upasuaji, au baada ya kujifungua?"

Tulikuwa Nairobi, mimi na mume wangu, kwenye chumba chenye viti vipana kuliko viti vya kawaida. Viti hivyo vilinikera tangu nilipoingia. Nilikuwa nimekwenda kupasuliwa tumbo langu la chakula lipunguzwe, kwa sababu sukari ilikuwa imenishika mkono huu na presha mkono ule, na magoti yalikuwa yamekataa kunipandisha ngazi za shule ninakofundisha Kiswahili, upande wa Kiptere. Nilikuwa nimeshajibu maswali mengi. Kama navuta sigara, kama miguu yangu huvimba jioni, kama bado nachomwa sindano ya kupanga uzazi. Hiyo aliniambia niiache mapema, inasaidia damu kuganda. Kwa hiyo hili nalo nililijibu bila kufikiri. Nikasema, mama yangu.

"Ilikuwaje?"

Nikamweleza jinsi nilivyokumbuka. Nilikuwa darasa la saba. Mama alipasuliwa uvimbe kwenye kizazi, akarudi nyumbani akiwa mzima, kidonda kikakauka vizuri. Akalazwa kitandani apumzike. Mguu wake wa kushoto ukavimba, ukakandwa kwa maji moto na chumvi. Asubuhi moja aliinuka kumsalimu mgeni, akashika kifua, akasema hewa haiingii, akaanguka. Wengine walisema ni moyo, wengine wakasema ni jicho la mtu. Mchungaji alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tukazika.

Daktari aliiacha kompyuta. Alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wangu wa kwanza, na nilimwona akitafuta maneno kama wao wanavyoyatafuta. Akasema kwamba yeye hakuwepo na hawezi kuapa, lakini nilichomweleza ndicho anachokiona kwenye vitabu na wodini. Damu huganda ndani ya mguu uliolala sana. Kipande cha donge hukatika, husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Akasema kwamba kwa uzito wangu na kwa habari hiyo ya mama, mimi niko katika hatari kuliko wagonjwa wake wengi. Nitachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, na nitaendelea kujichoma mwenyewe nikirudi nyumbani. Nitavaa soksi za kubana. Nitakunywa maji, funda moja moja, maana mwili ukikauka damu inakuwa nzito. Na kuliko vyote, nitatembea kila saa nikiwa macho.

"Kitanda ndicho adui yako, mwalimu," akasema.

Ningependa kuandika kwamba niliumia. Sikuumia. Nilikaa kwenye kile kiti kipana na kutazama mikono yangu, nikawa nafikiria kwamba gari tumeliegesha juani. Mama alikuwa amekufa kwa sababu hakuinuliwa kutembea. Niliisikia sentensi hiyo, nikaona hata muundo wake hauna kosa, na ikapita.

Aliyemlaza mama alikuwa dada yake mkubwa. Huyo ndiye aliyenilea baada ya mazishi, huyo ndiye ninayemwita Mama mpaka leo, na huyo ndiye aliyekuwa ameshasema atakuja kukaa nami nikitoka hospitali.

Mama huyu wangu wa pili anaishi Boito. Alichuma majani chai kwenye shamba kubwa la watu karibu maisha yake yote, akilala kwenye nyumba za kambi, ukuta mmoja na watu waliotoka upande wa ziwa. Mvua ikinyesha alikuwa amesimama, jua likiwaka alikuwa amesimama, kikapu mgongoni, na alipokuwa na homa alisimama pia, maana usipofika kilo zako ni shauri yako. Mtu aliyeishi hivyo ana zawadi moja kubwa ya kumpa anayempenda, nayo ni kumwambia alale. Kwetu mgonjwa hatembei. Mgonjwa akionekana uani ameshika hata kikombe, watu hawasemi amepata nafuu. Wanasema, kumbe nyumba ile haina watu.

Kuhusu upasuaji wenyewe hakunificha maoni yake. Kwetu unene wa mke ni ushahidi kwamba mume anatunza. Nilipompigia simu kumweleza, akasema, "Umetoka Kiptere mpaka Nairobi uende ukanyimwe chakula?" Nikacheka. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Nilipasuliwa. Jioni ileile muuguzi mmoja aliniinua, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kiranja, akanitembeza hadi dirishani na kurudi, mpira wa maji ukining'inia. Nilimwambia nitakufa. Akasema, "Utakufa ukilala." Miguuni walikuwa wamenivalisha mifuko inayojazwa upepo na mashine, ikawa inanibana na kuniachia, inanibana na kuniachia. Alinifundisha kujichoma sindano kwenye ngozi ya tumbo, mbali na kidonda. Tumbo langu likawa na madoa ya buluu na kijani kama ramani niliyokuwa nikiichora nikiwa msichana. Hayo yote niliyafanya vizuri. Ukiwa umepigwa ganzi moyoni, maagizo ni kitu kizuri, unayafuata tu.

Tulirudi kwa njia ya Narok. Mume wangu ni mtu wa ng'ombe na majani chai, haongei sana, lakini akipewa kazi anaifanya kama ameapishwa. Alisimamisha gari Mai Mahiu nikatembea. Akasimamisha kabla ya Narok nikatembea, watu wa mahindi ya kuchoma wakinitazama na soksi zangu nyeupe. Akasimamisha Bomet. Kila mara alisimama kando ya mlango akiwa na chupa ya maji, akisema, "Funda." Kama tungebaki sisi wawili, nadhani hadithi hii isingekuwepo.

Mama alikuwa ameshafika kwetu kabla yetu. Uani kulikuwa na moshi na kina mama wa kanisa, na chumba chetu kilikuwa kimetandikwa mablanketi ambayo sikuwahi kuyaona. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akaniketisha, akanivua viatu. Akazitazama zile soksi. Akazivuta, zikaacha alama kwenye ngozi.

"Nani amekufunga hivi?" akauliza. "Damu itapita wapi?"

Akazivua. Nami nikamwacha azivue.

Mume wangu aliyaona, akakohoa. Hicho kikohozi ndicho kilichokuwa uwezo wake wote. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hampi mkono, hambishii. Tangu siku hiyo alihamia kibanda cha nje, akawa anakula huko na kuuliza hali yangu kupitia watu. Sindano nilijichoma, hizo sikuacha, kwa sababu dawa Mama aliiheshimu. Lakini alipouliza daktari amesema nini kingine, nilisema, "Amesema nipumzike."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yangu yote, na naiweka wazi. Sikuweza kumwambia kwa nini lazima nitembee bila kumwambia jinsi dada yake alivyokufa. Angeuliza, kwa nini? Mimi si mtu wa kudanganya vizuri. Na hata ningesema neno moja tu, damu au mguu, yeye mwenyewe angeunganisha, maana mguu ule aliukanda kwa mikono yake. Alikuwa ameshapita miaka sabini. Alikuwa amenisomesha kwa mgongo wake. Kwa nini nimpe mzigo huo sasa, akaulale nao? Niliona bora nitafute njia za pembeni.

Njia za pembeni hazikuwepo. Nikisema naenda chooni, ndoo inaletwa chumbani. Nikisema nataka jua, kiti kinawekwa dirishani. Wageni walikuja asubuhi na walikuja alasiri, na hakuna adabu ya kumwacha mgeni aliyetoka mbali kukupa pole, ukainuka ukazunguke nyumba. Nilikaa. Walileta mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kwenye kibuyu, nikasema tumbo bado haliwezi, wakatazamana. Mama alileta uji. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, na kweli sikuulizwa; nilipokunywa vijiko vichache nikashindwa alibeba bakuli akaenda kulia jikoni, nikamsikia. Nilijaribu mara moja kusema, "Mama, wacha nitembee kidogo hapa kwa majani chai."

"Kaa," akasema. "Umetembea ya kutosha maisha yako. Watu wakikuona huko nje watasema mimi nilikuja kufanya nini?"

Akanifunika miguu. Mikono yake ina alama nyeusi za utomvu wa chai ambazo hazitoki tena.

Na sasa niseme jambo ambalo si zuri. Kulala kulikuwa rahisi. Sikuwa na njaa, kwa sababu tumbo la njaa nalo lilikuwa limekatwa. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na hofu. Nilijua hatari kwa kichwa kama ninavyojua ngeli, ningeweza kuisomesha darasani, lakini haikunifikia. Nilitazama dari. Nilisikia lori la kukusanya majani likipita, wanawake wakisalimiana kituoni, ng'ombe wakikamuliwa. Wakati mwingine nilifikiria kwamba hivi ndivyo mama alivyolala, akisikiliza vitu hivihivi, na hata hilo nilifikiria kama habari ya mtu mwingine.

Mguu ulianza kuuma siku moja, kabla ya chakula cha mchana. Ulikuwa wa kulia, kwenye shavu la mguu, maumivu mazito kama ya misuli iliyokazwa ikakataa kulegea. Nilipoulinganisha na mwenzake ulikuwa umejaa. Nilikaa nikiutazama kwa muda. Kisha nikampigia simu yule muuguzi wa Nairobi, nikaiweka simu kitandani kwa sauti ya juu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mguu.

"Mwalimu! Niambie."

Nikamwambia.

"Ni mguu mmoja ama zote? Moja? Iko moto? Na kupumua je?" Sauti yake ya kiranja ilikuwa imeshuka. "Unatembea lakini?"

"Hapana."

"Soksi?"

"Hapana."

"Mwalimu, kwa nini sasa? Si tulikuambia? Damu ikikaa bila kusongeshwa inashikana, kipande ikitoka inaenda kwa mapafu, mtu anasimama tu kusalimia watu anaanguka. Na wewe mwenyewe ndio ulituambia mamako alienda hivyo. Alilazwa wiki na wiki bila kutembezwa. Unataka kwenda hivyo pia? Enda hospitali saa hii, wapige picha ya huo mguu. Saa hii, si kesho."

Nilipoinua macho Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Sisi wawili huongea Kikipsigis, na watu wengi wakimwona na leso yake ya kichwa hudhani hajui lugha nyingine. Lakini hukai kwenye nyumba za kambi maisha yako yote, ukuta mmoja na watu wa ziwani wasiojua lugha yenu, usijue Kiswahili. Alikuwa amesikia kila neno. Aliiweka chupa chini, akaisogeza ukutani isiangushwe, akatoka. Nikamsikia akiita uani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akimwita mume wangu kwa jina lake.

Tulikwenda Kericho. Mume wangu aliendesha, Mama akaketi nyuma yake, ndani ya gari moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nilipoolewa. Hospitalini nilipakwa kitu cha baridi mguuni, kijana akapitisha kifaa chake huku na huku, akasimama mahali pamoja chini ya goti, akabonyeza, akabonyeza tena. Daktari akaja. Donge lipo, akasema, dogo, chini ya goti, halijapanda. Akasema sindano nilizojichoma pengine ndizo zilizolizuia lisikue. Dozi ikaongezwa, baadaye tungehamia vidonge. Mimi nilikuwa natazama kiwambo kile cha kijivu. Kilichomuua mama kilikuwa na sura, na sura yenyewe haikuwa chochote, doa tu.

Mama alikuwa amesimama kando ya mlango. Akauliza kwa Kiswahili, "Daktari, anaweza kutembea?"

"Lazima atembee, mama."

"Hata leo?"

"Hata sasa."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa amri na msimamizi wake.

Tulipokuwa tunarudi, tulipoacha mji nyuma na majani chai yakaanza pande zote mbili, Mama aliinama mbele akamwambia mume wangu, "Simamisha." Akashuka, akanifungulia mlango. Nikashuka. Soksi zilikuwa zimerudi miguuni. Alinivalisha mwenyewe pale hospitalini, akahangaika nazo hadi akatokwa jasho, akakataa kusaidiwa. Tukaanza kutembea kando ya lami, yeye mbele kidogo. Anatembea haraka, wachumaji wote hutembea haraka.

"Ulijua lini?" akauliza bila kugeuka.

"Kabla ya kupasuliwa. Daktari aliniuliza habari za mama."

"Ukarudi ukalala kwa kitanda nilikutandikia."

"Ndiyo."

Tulitembea. Mwanamke aliyetoka kituoni akiwa na kikapu kitupu alitusalimu, Mama akaitikia vizuri, akauliza hali ya kwao. Alipopita Mama akasema, "Ng'ombe ilikuwa imezaa. Mama yako alitaka kuona ndama. Nikamwambia ndama haitoroki. Kesho yake akaniomba tena. Akaniambia miguu yake inataka kutembea, aliniambia hivyo, miguu yangu inataka kutembea. Nikafunga mlango kwa nje nikaenda kazini, ndio asitoke."

Miaka yote hiyo sikujua habari za mlango. Nilisema neno la pekee lililokuwepo. "Hukujua, Mama."

Hapo akageuka. Nilitarajia machozi, na yalikuwepo, lakini alichokuwa nacho usoni kilikuwa hasira.

"Mimi sikujua. Hiyo ni yangu, nitaenda nayo. Lakini wewe ulijua. Ulilala hapo ukaninyamazia, unaona mimi naenda na uji, narudi na uji. Dada yangu nilimzika kwa ujinga. Wewe ulitaka nikuzike kwa heshima?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba nilikuwa namlinda, nikasikia jinsi neno hilo lingetoka, na mahali pa neno kikatoka kilio. Nililia kwa sauti, pale barabarani, mwalimu mzima mwenye soksi nyeupe. Nilimlilia mama, na mlango, na ndama. Niliumwa kila mahali, kidonda, mguu, kifua, nikasimama nikainama na kumnyooshea mkono anishike.

Hakunishika. Alinitazama, mikono yake ameifungia ndani ya shali.

"Lia ukitembea," akasema.

Akatangulia. Nikamfuata nikilia, naye akilia mbele yangu, tukipita watu na kuwasalimu, na nyuma yetu mume wangu akija na gari polepole, taa zikiwaka na kuzimika, hadi njia panda ya kwetu.